Umeme Ukikatika, Nani Analala na Vifaranga?



Sisi wa huku Marekani tukikutana, iwe msibani, harusini au kwenye mkutano wa jumuiya, mazungumzo ya miradi ya nyumbani hayakosi kuishia kwenye kuku. Zamani ilikuwa daladala, ikaja bodaboda, vikaja viwanja na nyumba za kupangisha. Siku hizi mtu akitaka kumwinua mama yake, dada yake au mdogo wake aliyemaliza shule na kukaa bila kazi, anamtumia pesa ya banda na vifaranga. Silaumu hata kidogo. Kuku anaeleweka, soko lake liko mtaani, na mama anaweza kumfuga bila kuomba kibali cha mtu.

Wapo watakaosema nchi ina mambo mazito ya katiba na uchaguzi, sasa huyu naye anatuletea habari za vifaranga. Waniwie radhi. Mimi ni muuguzi, nimezoea kuangalia mwili kwanza ndipo nisikilize hotuba, na ninachokiona ni kwamba pesa zetu nyingi zinaganda kwa baridi usiku mmoja, na mbaya zaidi, watoto wa ndugu zetu wanawekwa hatarini kwa ajili ya pesa hizo hizo.

Hebu tazameni mradi wa kawaida unavyopangwa. Pesa ikifika inanunua bati, misumari, mbao na wavu. Inayobaki inanunua vyombo vya maji, chakula, chanjo ya kideri na ya Gumboro, halafu vifaranga 300 wa siku moja wanaokuja na basi ndani ya maboksi yenye matundu. Joto je? Joto ni balbu moja au mbili zilizoning'inizwa kwa waya. Mradi mzima umetundikwa pale, na hakuna aliyejiuliza luku ikiisha itakuwaje, nguzo ikianguka itakuwaje, au transfoma ikilipuka saa nane usiku itakuwaje.

Kifaranga wa siku moja anafanana sana na mtoto njiti ninayemhudumia wodini. Mwili ni mdogo, ngozi yote iko nje, joto linakimbia haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Ana malaika tu mwilini, hana manyoya ya kweli. Wiki ya kwanza anataka sehemu anayolala iwe na nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamfunike. Ana akiba ya kiini cha yai tumboni inayoweza kumpeleka siku mbili tatu bila kula, ndiyo maana anasafiri kwenye boksi na kufika mzima. Akiba ya joto hana. Kwetu Njombe, mwezi wa Juni au Julai, usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Zima balbu hapo uone.

Na wengi hawafi kwa baridi yenyewe. Wakisikia baridi wanarundikana kona moja, wa juu wanawakanyaga wa chini, na wa chini wanakosa pumzi. Asubuhi unakuta rundo, waliokufa wako chini wakiwa wamelowa, na mwenye mradi anasema ni ugonjwa. Wanaobaki nao wamedhoofika, wanaharisha, kinyesi kinawagandia nyuma, hawali vizuri, na kwa muda wa wiki mbili wanaendelea kufa mmoja mmoja huku mtu akinunua antibiotiki dukani. Dawa ya baridi haiuzwi dukani.

Sasa tufike kwenye lililonifanya niandike. Umeme ukikatika, familia inafanya nini? Inaingiza jiko la mkaa chumbani. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia ili joto lisitoke, na mtu analazwa humo kuangalia mkaa usizime na vifaranga wasiungue. Mtu huyo ni nani? Si baba mwenye nyumba, na si sisi tuliotuma pesa. Mara nyingi ni binti wa nyumbani, mpwa aliyekuja kusoma, au bibi ambaye usingizi wake ni mwepesi.

Mwaka 2022 binti wa miaka 15, wa ukoo wetu, alikutwa alfajiri amelala kwenye kizingiti cha chumba cha namna hiyo. Nadhani alijaribu kutoka, miguu ikakataa. Alikuwa anatapika, kichwa kinamuuma, anaongea maneno yasiyoeleweka. Alipofikishwa kwenye zahanati akapewa dawa ya malaria. Mungu alimsaidia, kule kutoka mpaka mlangoni ndiko kulikomponya. Nilipopigiwa simu swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa kama nitaweza kutuma pesa ya vifaranga wengine.

Ile si malaria, ni sumu ya hewa ya mkaa, yaani kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika damu mahali pale pale oksijeni inapotakiwa kukaa, na inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anasikia kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Usingizi ndio unaomuua, kwa sababu anadhani amechoka tu. Watu wetu wanaamini mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi umekuwa salama. Si kweli, moshi ndio unaoonekana, sumu haionekani. Wengine wanaweka beseni la maji karibu na jiko eti linanyonya ile hewa. Halinyonyi chochote. Na jenereta ya petroli ndani ya nyumba au barazani chini ya dirisha ni mbaya kuliko jiko.

Msidhani haya ni ujinga wa vijijini. Mimi niko Houston. Februari 2021 baridi kali iliikumba Texas, gridi ikazidiwa, zaidi ya wateja milioni 4 wakakosa umeme katikati ya barafu. Wiki ile nilikuwa zamu. Tulipokea familia nzima nzima zilizoingiza majiko ya kuchomea nyama sebuleni, au kuwasha gari ndani ya gereji ili watoto wapate joto. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246, wengi kwa baridi yenyewe na wengine kwa hewa hiyo ya sumu. Hii ni nchi tajiri, yenye visima vya mafuta uani. Baridi ikimshika mtu hakumbuki elimu, anakumbuka moto.

Waingereza wao walijua siri moja ambayo mfugaji wetu angefaidika nayo. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1986, wachimba makaa ya mawe walishuka mgodini na ndege wadogo kwenye kizimba, kwa sababu ndege analewa hewa mbaya kabla ya binadamu. Kwa hiyo ukiwa kwenye chumba chenye jiko, joto lipo la kutosha, na vifaranga wameanza kulegea, kupepesuka na kulala hovyo, usianze kuwatikisa. Toka nje, fungua mlango, ita watu.

Najua sasa wengine wameshaanza kuuliza: mbona humtaji mwenye kosa? Nitamtaja. Tanzania ilikuwa na mgao mkali mwaka 2006, na kutokana na dharura ile likazaliwa sakata la Richmond lililomng'oa Waziri Mkuu Februari 2008. Mwaka huo huo wa 2008, kuanzia Mei, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ikarudi gizani kwa miezi mitatu kwa sababu ya waya wa chini ya bahari. Mgao ukarudi Bara mwaka 2011. Ukarudi tena mwaka 2023. Kila mara tuliambiwa ukame, tukaambiwa mitambo michakavu, tukaambiwa tuvumilie.

Leo Bwawa la Julius Nyerere lipo, mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, ya kwanza ikiwa imeingia kwenye gridi Februari 2024. Ni jambo kubwa na sioni aibu kulisifu. Lakini tarehe 1 Aprili 2024, wakati maji yamejaa bwawani, gridi ya taifa ilianguka na nchi ikawa giza. Kenya ilishaonja hayo hayo Agosti 25, 2023, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukazimika. Megawati zinazotajwa kwenye hotuba si zile zinazofika kwenye balbu ya mama. Katikati kuna nyaya ndefu, nguzo za miti, transfoma iliyozidiwa, mvua, upepo na tawi la mwembe. Hata tupate serikali ya malaika, umeme wa kijijini utakatika usiku fulani wa mwaka, na kifaranga anahesabu saa, hahesabu miaka mitano mitano.

Ndiyo maana siungani na pande zote mbili ninazozisikia. Upande mmoja kila kifaranga akifa ni ufisadi, basi, hakuna la kufanya mpaka utawala ubadilike. Upande wa pili ni wale wa "umeme kukatika ni kawaida yetu, acheni kulalamika", ambao mara nyingi wana jenereta nyumbani. Mfugaji ana haki ya kudai umeme, na ana haki ya kudai taarifa: kama shirika linajua kesho linakata ili kubadilisha nguzo, ujumbe wa simu na tangazo la redio ya wilaya haviligharimu kitu cha maana, na mtu akiambiwa saa 24 kabla anajipanga. Hili wabunge wetu wangeweza kulisimamia bila kusubiri mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini haki hiyo haipashi joto banda.

Tukumbuke mfano mmoja kutoka kazini kwangu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, hospitali ya wazazi ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwapashia joto. Madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez hawakukaa kusubiri mashine. Walimweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wakamfunika. Leo dunia nzima inaita huduma ya kangaruu, na hospitali zetu za Tanzania na Kenya zinaitumia. Somo lile halikuwa kwamba mashine ni mbaya. Somo lilikuwa kwamba mtoto apate joto hata wakati mashine hazitoshi.

Kwa vifaranga ni vile vile, na kwa kuanzia mama kuku hana luku. Kuku wa kienyeji aliyeatamia anabeba vifaranga kumi hadi kumi na watano bila matatizo, na ukimwingizia wageni wa siku moja chini ya mbawa usiku, gizani, mara nyingi asubuhi anaamka nao kama wake. Mtu mwenye vifaranga 50 na mitetea minne iliyoatamia ana bruda nne zisizokatika. Kwa nini mtu huyo auziwe wazo kwamba ufugaji wa kisasa ni lazima uanze na vifaranga 300?

Kwa wale wenye wengi, kanuni ni kupunguza nafasi kabla ya kuongeza moto. Chumba kizima hakipashiki. Unachopasha ni kinengunengu, ule mduara wa hadibodi au maboksi unaowazunguka, na uwagawe hamsini hamsini ili wakirundikana rundo liwe dogo. Chini maranda makavu au pumba za mpunga, nene kama upana wa kiganja, maana sakafu ya saruji inanyonya joto kuliko hewa. Juu unafunika blanketi au magunia, ukiacha uwazi wa kupitisha hewa upande mmoja. Vifaranga wenyewe wanatoa joto, kazi yako ni kulizuia lisiende zake. Huko Ethiopia sanduku lililozungushiwa majani makavu, lisilotumia umeme wala mafuta, limefanyiwa utafiti na kugawiwa wafugaji wadogo miaka mingi, na nyanda zao za juu zina baridi kama ya Makete.

Halafu maji ya moto. Hapa watu wananicheka, lakini fanyeni hesabu. Dumu la lita 20 la maji ya nyuzi 80, likipoa mpaka nyuzi 40, linaachia joto karibu sawa na balbu ya wati 100 iliyowaka saa tisa. Maji yanachemshwa nje, kwa kuni au mkaa, mahali penye hewa. Yanapoachishwa kuchemka yanatiwa kwenye dumu, kifuniko kinakazwa, dumu linafungwa khanga kuukuu ili kifaranga asiungue, linalazwa katikati ya mduara chini ya blanketi. Linaanza kwa nguvu na kupungua polepole, kwa hiyo baada ya saa tatu au nne shika kwa mkono, na kama limepoa badilisha. Moto unabaki nje na joto ndilo linaloingia ndani. Binti naye analala chumbani kwake, anaamka mara mbili tu usiku. Madumu mawili kwa kila kinengunengu yanatosha kupokezana, na madumu yapo kila nyumba.

Kipimajoto kikiwepo ni vizuri, kisipokuwepo vifaranga wenyewe wanasema. Wakirundikana na kulia kwa sauti kali, baridi. Wakikimbilia ukingoni, mabawa wazi, midomo wazi wakihema, moto umezidi. Wakitawanyika na kulia kidogo kidogo kama wanaosengenya, waache. Maji yao ya kunywa usiku wa baridi yawe vuguvugu. Na umeme ukirudi toa blanketi kwanza kabla ya kitu kingine, kwa sababu balbu ikiwaka chini ya gunia juu ya maranda, utapoteza banda lote pamoja na nyumba ya jirani.

Jambo jingine la balbu, nalo linatuhusu sisi wa ughaibuni moja kwa moja. Tunapenda kubeba balbu za LED kwenye mabegi tukienda nyumbani, kwa sababu zinaokoa umeme. Zinaokoa umeme kwa sababu zinatengeneza joto kidogo sana. Kwa kifaranga hiyo ni mbalamwezi. Taa ndogo ya sola yenye LED ifae kwa kazi moja, kuwapa mwanga waone chakula wakati umeme haupo, maana gizani hawali. Kuhusu jenereta, ambayo ndiyo zawadi tunayoipenda kuliko zote, nimeziona nyingi zimefunikwa turubai kwa kukosa petroli au plagi. Anayefuga 2,000 anaihitaji, ikae mbali na nyumba. Anayefuga 200 anahitaji madumu, blanketi na kuni kavu zilizowekwa akiba.

Anayetuma pesa ndiye anayepanga mradi, tusijidanganye. Mama hawezi kukwambia "punguza vifaranga nikanunue maranda na blanketi" wakati wewe umeshatangaza kwa jumuiya nzima kwamba umemfungulia mradi wa 300. Atakubali, atashukuru, na baridi ikija atamwita mjukuu abebe jiko. Kwa maoni yangu, katika kila shilingi kumi za kuanzia, tatu ziwe za joto, na zitoke kabla vifaranga hawajaagizwa. Na kundi la kwanza lisiingie Juni hadi Agosti kwenye nyanda za juu. Soko la Desemba linataka kuku waliokua, si vifaranga, na broila aliyeingia Oktoba anafika sokoni bila kupigana na baridi ile.

Kwa hiyo ukipiga simu wiki hii, usiulize tu wamebaki wangapi. Uliza umeme ulikatika mara ngapi, wakafanya nini, jiko liliwekwa wapi, dirisha lilikuwa wazi au limezibwa, na nani alikuwa ndani. Ukisikia kuna mtu aliamka na kichwa kinamuuma na sasa anameza dawa ya malaria, mwambie atoke kwenye chumba hicho leo, apelekwe hospitali, na aseme wazi mbele ya daktari kwamba alilala na mkaa. Vifaranga mtazungumza kesho.

Nawasilisha.